Kengele ya Kuagana

Kengele ya stesheni ya Nyamuhanga ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Kwa miaka kumi na tisa Venanti, mshika bendera wa stesheni, aliigonga mara mbili: nusu saa kabla ya treni, kisha treni inapotokeza kwenye kona ya mlima. Ile ya kwanza haikuwamo katika kanuni yoyote. Aliibuni mwenyewe, kwani aliwajua Waha wenzake wanaoteremka kutoka Kasulu: hawapandi mpaka wameagana na kila msindikizaji, mmoja mmoja, kwa makofi na habari za watu, ng'ombe na mihogo. Na treni pale husimama dakika tatu tu.

Agosti 1996 alikuja stesheni masta mpya, Ridhiwani, kijana wa Tanga. Akaifuta kengele ya kwanza.

"Kengele ni ya treni, mzee wangu, si ya salamu."

Venanti hakubisha. Magoti yalikuwa yamekwisha, na hamu ya kubishana ilitangulia magoti.

Wiki mbili baadaye binti yake, Esteri, aliitwa chuo cha uuguzi Tabora. Asiyeripoti Ijumaa, nafasi yake hupewa mwingine. Treni ya Jumatano jioni ilikuja Alhamisi saa mbili asubuhi. Nyingine ni Jumapili. Wasindikizaji kumi na wanane kutoka Nyakitonto walikuwa wamelala kwenye sakafu ya stesheni.

"Anzeni kumuaga sasa," Venanti alimwambia mkewe, Pelagia.

"Kengele haijalia, tumuage? Unamchuria mtoto?"

Kengele ikalia treni ikiwa konani. Mabehewa yaliposimama, makofi ndiyo kwanza yalianza. Dakika ya tatu Esteri alikuwa kwa shangazi wa sita, na gadi, nyuma kabisa ya treni, ameshatia filimbi mdomoni.

Venanti akamtazama gadi: Makarius, Muha wa Heru, rika la wanawe. Akabana bendera kwapani, akachechemea hadi kwake, akapiga makofi na kumwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye!"

Filimbi ikatoka mdomoni. Mdogo hamkati mkubwa salamu.

"Baba hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Na yule ng'ombe wake mwekundu?"

"Alikufa mwaka juzi."

"Pole! Alikufaje?"

Dereva akapiga honi. "Mzee Venanti! Bendera!" Ridhiwani alifoka mlangoni. Venanti aliushika mkono wa Makarius, akauliza habari za ndama, za bibi, za mvua, mpaka makofi ya akina mama yalipokoma na mlango wa behewa la mbele ukafungwa.

Ndipo akainua bendera ya kijani. Kanuni inasema isishushwe mpaka behewa la mwisho lipite. Esteri alichungulia dirishani, akamtafuta baba yake kati ya wale kumi na wanane, akakosa. Mbali nyuma akaona bendera. Akaipungia.

"Dakika tisa, mzee," Ridhiwani alisema, kalamu mkononi. "Niandike sababu gani?"

"Andika kengele," Venanti alijibu, akaketi.