Masale ya Mpakani

Mwaka walipoanza kujenga ghorofa jirani na kwetu Ngarenaro, mama yangu alipata adui mpya na, nathubutu kusema, afya yake ikaimarika. Ni mwalimu mstaafu, na tangu astaafu hakuwa na mtu wa kumkemea isipokuwa mimi.

Mashine ya zege iliwashwa kila asubuhi wakati uleule anapofungua kitabu cha nyimbo kwa ibada ya nyumbani. Mama alipandisha sauti, mashine nayo haikushuka. Siku moja, katikati ya ubeti wa pili, fundi mmoja huko juu akaanza kumwitikia kwa besi, tena besi nzuri. "Hana adabu," mama alisema. Lakini ubeti wa tatu aliupunguza mwendo, amsubiri.

Kwa hiyo kelele alizivumilia kwa njia yake, yaani kwa kulalamika. Kilichomshinda ni lori la kokoto. Lilikuwa likirudi nyuma, likapitiliza hadi mpakani na kuyalaza masale yote aliyoyapanda marehemu baba. Kwa asiyejua, isale ni mmea tu wenye majani marefu ya kijani. Kwetu Uchagani ndio mpaka wa shamba, na ndio msamaha pia: aliyekukosea akija kwako na isale mkononi, humfukuzi, hata kama hasira bado inachemka.

Mama hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Aliingia chumbani, akashusha begi na kuanza kukunja vitenge.

"Nakwenda Kikatiti kwa dada yangu," alisema. "Hapa si kwangu tena."

Nilidhani ni vitisho vya kawaida, mpaka nilipomwona anatia kitabu cha nyimbo. Hapo niliogopa kweli. Sikutaka kubaki na mashine ya zege peke yangu.

Kabla ya kuondoka alitaka kumwambia fundi mkuu maneno machache. Machache ya mama nayafahamu. Aliyafanyia mazoezi mbele yangu alasiri nzima, kwa ukali kiasi kwamba niliomba radhi mara mbili kwa makosa ya lori.

Jioni hodi ikapigwa. Alikuwa fundi mkuu mwenyewe, mtu wa Tabora, saruji imemkaa hadi kwenye nyusi. Mkononi alishika fungu la masale yaliyovunjika.

"Shikamoo mama. Gari letu limeharibu maua yako. Nimeyaokota nikuletee, uone mwenyewe hasara tuliyokutia."

Mama aliyatazama majani, akamtazama mtu, na hotuba yote ya alasiri ikaishia kooni.

"Marahaba," alisema mwishowe, kama anayemeza kwinini. "Pita ndani ukae."

Mgeni alikunywa chai ya maziwa vikombe viwili, akauliza maua yale huchanua mwezi gani. Mama alimjibu kwa upole ambao mimi sijawahi kuupata. Mgeni alipoondoka nilishindwa kujizuia.

"Mama, yule hajui isale ni nini. Ameleta majani tu. Hulazimiki kumsamehe."

"Yeye hajui," alisema, huku akikusanya vikombe. "Mimi najua."

Begi lilirudi juu ya kabati usiku uleule, na sikuthubutu kulitaja.

Kesho yake tuliyachomeka yale mapande ardhini, maana isale halifi kirahisi. Fundi mkuu alileta kamba yake ya kazini, akaivuta kutoka kona hadi kona ili mstari uwe sawasawa. Mama aliitazama ile kamba.

"Legeza kidogo hapo katikati," alimwambia. "Wa marehemu ulipinda."