Kigoda cha Dirishani

Jina la Vidole hakupewa na mama yake, alipewa na vichwa vya watu. Wapo wasusi wanaosuka kana kwamba wanang'oa magugu. Yeye alisuka huku mteja amesinzia. Ulikaa kwenye kigoda chake, ukaegemeza kichwa tumboni kwake kama wote walivyoegemeza, ukashtuka baadaye unaambiwa ujitazame kwenye kioo. Kigoda hicho kilikuwa dirishani, penye mwanga wa kutosha kugawa nywele mistari myembamba, na nyuma yake kiti kirefu alichokalia mwenyewe. Saluni ilikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, ambaye wateja walimwita Madamu. Lakini dirisha lilikuwa la Vidole, na hilo lilijulikana mtaa mzima.

Halafu utumbo ukamgeuka. Kwa miaka kadhaa alitoka damu kila alipokwenda chooni, akakonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Kazi nayo ikawa ya kukimbiakimbia. "Nishikie hapa," angemwambia mteja, akimkabidhi ncha ya msuko ili usifumuke, kisha huyo, mbio. Mteja angebaki ameinua mkono kichwani kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Wengine walichoka kungoja, wakaondoka na kichwa nusu.

Dawa ziligonga mwamba. Mwishowe madaktari wakautoa utumbo mpana wote, na ncha ya ule mwembamba wakaipitisha kwenye tundu upande wa kulia wa tumbo. Wanaiita stoma. Ni kidude chekundu, chenye unyevu kama ndani ya shavu, na wala hakiumi ukikigusa. Choo hutokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa ngozini, na mfuko ukianza kujaa, mtu huenda chooni akamwaga kilichomo, akanawa mikono, akaendelea na shughuli zake. Basi. Hakuna mkosi wala uchawi, na mimi ninayesimulia sina subira na mtu anayevitafuta.

Usidhani Vidole alilipokea hilo kwa vigelegele. Wiki za kwanza alilia. Mfuko ulivuja kwenye shuka, ukavuja kwenye gauni, akasema heri angekufa na utumbo wake. Mumewe alikuwa fundi friji, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja, mkewe analia pembeni ya kitanda, alichuchumaa mbele yake akaikagua ile sahani ya gundi inayoshika mfuko.

"Hapa palikuwa na majimaji ulipobandika," alisema. "Hata raba ya mlango wa friji haishiki penye maji. Kausha kwanza. Halafu weka kiganja juu yake, ipate joto, usiwe na haraka."

"Mimi ni friji?"

"Friji haijibu hovyo namna hii."

Vidole akacheka, machozi bado yanamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu hospitali. Walikausha, wakabandika, akaweka kiganja, na mumewe akaweka chake juu ya kile cha mkewe. Siku hiyo haikuvuja.

Tangu hapo akashika usukani. Kile kidude alikipa jina: Mbea, kwa kuwa kilikuwa na tabia ya kuunguruma pale tu watu wanaponyamaza. Alijifunza kinachomchokoza na kinachomtuliza, akajua kutafuna chakula vizuri na kunywa maji bila kukumbushwa. Alishonesha gauni jekundu la kubana. Fundi cherehani, ambaye habari zilikuwa zimemfikia, aliuliza kwa sauti ya msibani kama aachie nafasi tumboni. "Achia nafasi ya ubwabwa," Vidole alimjibu, "mengine niachie mimi." Zaidi ya yote, hakukimbia tena. Utumbo uliomfanya mfungwa wa choo ulikuwa umebaki hospitali. Aliweza kukaa tangu asubuhi akamaliza jambo alilolianza, na jambo alilolitaka lilikuwa moja tu. Alitaka kurudi dirishani.

"Jamani wifi yangu! Umenawiri!" Madamu alimpokea mlangoni. Kumbatio lenyewe lilikuwa la mabegani tu, matumbo yakiwa mbalimbali. "Nimekuwekea kazi nyepesi kule nyuma. Taulo, na kuosha vitana. Kiti chako utakirudia ukipona."

"Nimeshapona, wifi."

"Namaanisha ukipona kabisa."

"Kabisa ndiyo hii. Huu mfuko hauondoki. Ukisubiri uondoke, utanizika na taulo mkononi."

Madamu aliteremsha sauti. "Si mimi, wifi. Ni wateja. Kazi yako mtu anakuegemea palepale. Watu wanasema, na lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Vidole akatazama dirishani. Juu ya kigoda chake kulikuwa na chombo cha kioo chenye maua meupe.

"Na hayo maua, yanasuka?"

"Yananukia," alisema Madamu, na papo hapo akatamani kulirudisha neno.

Lilimchoma Vidole, tena pabaya, kwa sababu huyu ndiye aliyemletea uji hospitali na kumpangusa mdomo. Angekuwa mtu baki asingejali. Alikwenda dirishani, akakibeba chombo cha maua mpaka kwenye rafu nyuma ya draya ya kukaushia nywele, akakifuta kigoda, akakaa kwenye kiti chake kirefu.

"Wa kwanza nani?"

Madamu alikitazama chombo kile rafuni. "Sawa. Lakini siku mteja akilalamika harufu, unarudi nyuma kwenye taulo, na hatubishani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Vidole, maana siku hiyo alitaka kiti kuliko alivyotaka kugombana.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa miaka mingi. Vidole alikivuta kigoda kidogo upande wa kushoto, akaweka mto mdogo mapajani, na kichwa kikapata pa kuegemea bila kumgandamiza Mbea. Walifika katikati ya kichwa, saluni imetulia, Mbea akaunguruma sikioni mwa Mwalimu.

"Vidole, hujala?"

"Nimekula. Huyo ni Mbea." Akamweleza yote, vidole vikiendelea na kazi.

Mwalimu alifikiri kidogo. "Anasema nini?"

"Anasema umeongeza mvi."

"Mwambie anyamaze, nyumbani ninao wengine wa kuniambia hivyo."

Habari zikasambaa, na kinyume cha hofu ya Madamu, watu wakaja. Wengine, tusidanganyane, walikuja kusikia tumbo la mtu likiunguruma. Vidole aliwasuka vizuri, nao wakarudi kwa sababu ya misuko. Palikuwa na mmoja tu aliyekuja na pua imekunjwa tangu mlangoni. Walimwita Miwani, kwa ile miwani yake ya jua aliyoivaa kichwani hata anaposukwa. Huyu alisukwa na Madamu mwenyewe, upande wa pili, na kila alipomtazama Vidole alijipepea.

Siku moja ya joto harufu kweli ikatokea. Ilikuwa nzito, ya kitu kilichooza. Miwani akaifunika pua kwa kanga. "Nilisema mimi," akasema. "Madamu, hatuwezi kusukwa chooni."

Hakuna aliyeuliza harufu inatoka wapi. Macho yote yalikwenda dirishani. Madamu alishika manukato akapuliza hewani, kisha akamwendea Vidole, akamshika kiwiko.

"Wifi, tulielewana. Usinifanye nirudie."

Vidole alikuwa ametoka kumwaga mfuko muda mfupi tu uliopita, na ngozi yake, aliyoijua sasa kuliko uso wake, ilimwambia kuwa gundi imeshika barabara. Akasimama.

"Njoo unuse," alisema.

"Wifi, watu wapo."

"Ndiyo, wanuse na wao. Umenishika kiwiko mbele yao, basi na uninuse mbele yao. Njoo!"

Madamu aliinama, uso umemwiva, akanusa. Akanyanyuka. Akanusa tena hewa ya chumba, akaanza kufuata pua yake hatua kwa hatua, akapita kioo, akapita sinki, mpaka nyuma ya draya. Maua meupe yalikuwa yamegeuka kahawia, na maji yake, ambayo hayakubadilishwa tangu siku ile, yalikuwa yameoza na kuota utelezi wa kijani.

Mwalimu, aliyekuwa akisubiri zamu, hakuweza kujizuia. "Nyani haoni kundule," alisema, na saluni ikalipuka kwa kicheko. Hata Miwani alicheka, akidhani kicheko hakimhusu.

Madamu alirudi kutoka kumwaga yale maji amejawa aibu. "Nisamehe, wifi. Kumbe hukuwa wewe."

Wengi tungeishia hapo. Tungekumbatiana, yakaisha. Vidole hakukubali kuachiwa kwa sababu hana hatia.

"Hapo ndipo uliponikosea zaidi," alisema. "Ningekuwa mimi, je?"

Madamu alikigeuzageuza kile chombo kitupu mikononi.

"Maana ipo siku nitakuwa mimi. Hii ni gundi, na gundi hubanduka. Siku hiyo nitakwenda kujisafisha na kurudi kwenye kiti hiki. Sirudi nyuma kwenye taulo. Yale makubaliano yetu nimeyavunja leo. Kama huwezi, niambie sasa hivi, nichukue kitana changu niende."

Madamu alishika ufagio akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. Hakumwambia aende. Hakumwambia abaki pia.

Lililosemwa kweli halikuwepo, lakini lilikuja. Ilikuwa siku ambayo saluni imefurika, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi za mlangoni, na kwenye kigoda alikuwa binti anayesukwa rasta nyembamba. Vidole alihisi ujoto ukitambaa chini ya gauni. Aliujua. Baada ya muda mfupi harufu nayo ikajitokeza, na safari hii maua hayakuwepo ya kusingiziwa. Miwani, chini ya draya, alikuwa ameshaanza kugeuza kichwa.

Uongo ulimjia mdomoni, umeiva tayari. Angeweza kusema anapigiwa simu. Angeweza kutazama mlangoni kama wengine, akisingizia mtaro wa nje. Akavuta pumzi.

"Leo ni mimi," alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye ngazi. "Mfuko umebanduka. Nakwenda kubadilisha, nakuja."

Mkononi alikuwa na msuko uliofika katikati, na binti akainua mkono kuupokea. Mkono mwingine ukawahi.

"Nipe," alisema Madamu.

Vidole akampa ile ncha, akachukua kipochi chake chenye mifuko mipya na gauni la akiba, kilichokaa daima chini ya kiti, akaenda. Alijiosha. Alikausha vizuri. Alibandika mfuko mpya, akaweka kiganja juu yake, hakuwa na haraka. Mbea alikuwa mwekundu na mzima wa afya, hana habari na fujo aliyoizusha. Kwenye kioo cha chooni alijikuta anajitazama, akaona mwanamke mwenye kazi ya kumalizia. Alivaa gauni la akiba, jekundu.

Kabla hajafika dirishani alisikia makelele.

"Madamu, kichwa changu kinaungua!" Miwani alikuwa akilia kutoka kwenye draya. "Njoo uzime hii!"

"Nyoosha mkono uzime mwenyewe," alijibu Madamu. "Huoni nimeshika msuko wa mtu?"

Alikuwa amesimama wima mbele ya dirisha, ameubana ule msuko kwa vidole viwili kana kwamba ukimponyoka saluni itabomoka, na mkono mwingine umeuunga ule ulioshika. Alipomwona Vidole alitaka kusema jambo kubwa, likatoka lingine.

"Mkono umeniisha nguvu, wifi."

"Pole, wifi." Vidole alikaa kwenye kiti chake kirefu, akaupokea msuko, akatafuta alipokuwa ameishia. "Haya, sogea sasa. Unanizibia mwanga."

Madamu akasogea.