Nimeandika "mchele" mbele ya Bibi

Leo nimemuumiza Bibi kwa neno moja tu: mchele.

Baba ni mwanajeshi, kahamishiwa Arusha. Mama akaniambia niandike bajeti ya huko. Kodi, umeme, maji, nauli ya shule...

Nikaongeza mchele. Hapa Ifakara hatujawahi kununua, tunakula wa shambani kwa Bibi, kijijini Mchombe.

Bibi alikuwa amekaa palepale.

"Hebu soma kwa sauti, mjukuu wangu."

Nikasoma. (Mnajua nilivyo na aibu.)

"Mchele wa kununua? Kwani mimi nimekufa?"

Baba akacheka, akamwambia Bibi: "Mama, kusafirisha gunia mpaka Arusha ni gharama!"

Bibi hakucheka.

Nikafuta "mchele". Nikaandika "nauli ya gunia la Bibi".

Baba kaisoma. Hajaifuta.

Ingekuwa nyie, mngeifuta?