Ndoo ya Kuketia

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mnyapara wa mayaya katika wodi ya wanawake, hospitali moja ya Nakuru. Mayaya ndio waliowageuza wagonjwa, wakawaosha, wakamwaga vyombo vya haja. Kuketi kwenye kitanda cha mgonjwa kulikuwa marufuku, na chumba cha kupumzikia hatukuwa nacho. Chai ya saa nne tuliinywea mlemle mlimooshwa vyombo hivyo, tumesimama wima, na ile harufu tukiimeza pamoja na chai.

Kulikuwa na ndoo moja ya bati. Desturi yetu ilikuwa kuipindua na kumwachia mwenye mimba aketi. Safari hii mwenye mimba alikuwa rafiki yangu, mwanamke wa kucheka ovyo, miguu imevimba hadi viatu akavikata nyuma. Mimba hiyo alikuwa ameingoja miaka sita.

Asubuhi moja matroni, mzungu asiye na mchezo, alipita mlangoni, akaitazama ile ndoo, akaenda zake. Hakusema neno. Lakini mimi niliogopa kunyang'anywa unyapara, basi nikaijaza maji na dawa ya kupigia deki. Rafiki yangu alipokuja na kikombe chake, nikamwambia, "Matroni amekataza."

"Sawa, dada," akasema, akaegemea ukuta.

Wiki nzima aliegemea ukuta huo. Ijumaa akateleza chini polepole, na mtoto akazaliwa pale sakafuni kabla ya siku zake. Hakulia. Daktari hakusema kwamba ni kusimama. Mimi hakuna aliyeniuliza. Najichukia mpaka leo.

Mwezi uliofuata matroni alitupatia stoo ya shuka, yenye dirisha, akamwagiza fundi atutengenezee benchi. Aliniambia kwamba angalijua hatuna pa kuketi, angalitupatia zamani.

Rafiki yangu aliporudi kazini, aliketi mwisho wa benchi, mikono juu ya mapaja. Kucheka kulikuwa kumemtoka.

"Ndoo alininyima, mama yule," akasema. "Sasa ndio analeta benchi."

Wenzetu wakaguna. Nami nikaguna.

"Keti basi, dada. Hata wewe umechoka." Akasogea, akanipa nafasi.

Nikaketi. Tuliketi hivyo miaka minne, bega kwa bega, na kila alipomlaani matroni, niliitikia.