Dakika Kumi na Saba za Mama Saa

Ijumaa, saa saba na dakika chache mchana, Mama Saa alivua aproni, akaikung'uta, akaitundika msumarini, akatoka kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali bila kula. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule unaokwisha kwa usingizi. Huu alikuwa nao miaka ishirini na sita, tangu alipokabidhiwa shuka lake la kwanza lenye damu, na sasa ulikuwa umejenga na kuhamia kabisa. Mfukoni alibeba kigemu, kile kidude cha kuchezea michezo kwa vidole gumba, anakipeleka kwa fundi. Njia nzima aliomba jambo moja tu, fundi aseme ni kizima.

Kikiwa kizima, kosa la Jumanne lilikuwa la mtu mwingine. Kikiwa kibovu, lilikuwa lake, na binti wa watu alikuwa anangoja kufukuzwa kazi kwa kosa hilo saa tisa alasiri hiyohiyo.

Mambo yalikuwa hivi. Jumanne mashuka ya wodi ya watoto wachanga yalitoka mashineni na sabuni. Yakakaushwa, yakapigwa pasi, yakakunjwa kama kawaida, na kesho yake watoto saba wakaamka na vipele mgongoni. Mkuu wa wodi alishuka mwenyewe na shuka moja mkononi, akalichovya kwenye ndoo ya maji safi mbele ya watu wote, na povu likapanda. Nani angesema nini? Daftari likafunguliwa. Anayefungua koki ya kutoa maji mashineni ndiye anayetia sahihi, na sahihi ya Jumanne ilikuwa ya Chapuchapu.

Jina hilo walimpa kwa mapenzi, maana alikunja mashuka matatu wakati mwenzake bado anatafuta pembe ya moja. Sasa likamgeuka. "Si ndiye Chapuchapu huyo," wakasema wale wale waliombatiza, "ana haraka utadhani amefukuzwa na nyuki." Tena alikuwa kwenye mkataba wa majaribio. Msimamizi alipomuuliza alifungua koki saa ngapi, binti akasema, "Labda nilifungua mapema. Sikumbuki." Hakusema kwamba alifungua aliposikia sauti ya Mama Saa ikiita, "Fungua!" Kwao hakufundishwa kumnyooshea mtu mzima kidole mbele za watu, basi akalimeza neno lake. Na Mama Saa, aliyekuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale, alikisikia kile kimya, akakielewa, akakiacha kipite.

Sasa utauliza, kwa nini watu wazima watano wafue kwa kusikiliza sauti ya mtu mmoja, na saa ipo ukutani? Kipima muda cha mashine kilikufa zamani, na barua ya kuomba kingine bado iko njiani, labda inakwenda kwa miguu. Saa ya ukutani ilitundikwa mwisho wa chumba, nyuma ya mvuke. Lakini Mama Saa akiita "Fungua!" huwa ni dakika ileile, haizidi, haipungui. Waliwahi kumpima kwa saa, wakashindwa kumkamata, wakampa jina, na tangu hapo hakuna aliyejisumbua kutazama ukutani. Mzoea punda hapandi farasi.

Siri yake ilikuwa mfukoni. Binti yake wa mwisho alipokwenda kufanya kazi mbali alimwachia kile kigemu. "Mama, chukua, nyimbo zangu zote zimo humu." Simu zilipigwa marufuku mle ndani tangu moja ilipotumbukia kwenye mashine ikafuliwa pamoja na mapazia, lakini tangazo halikutaja kigemu, na Mama Saa hakuona sababu ya kulikumbusha. Akawa anafanya kazi na waya mmoja sikioni, chini ya kilemba. Nyimbo zilipangwa kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Kumi na moja za kufua, kisha tano za kusuuza kwa mara ya mwisho, hizo tano jumla yake dakika ishirini na mbili, na wimbo wa kinanda ukianza tu, koki ifunguliwe. Hakuwa anazisikiliza. Zilipita sikioni kama mvua ya juu ya bati, naye aliamka kinanda kilipolia.

Na kwa nini asitazame saa kama watu wengine? Kwa sababu haioni. Mwaka wa pili sasa, saa ile kwake ni doa jeupe tu. Imebaki miezi minane astaafu, na anayejulikana kuwa na macho mabovu kwenye chumba chenye maji ya moto na mikanda inayozunguka hurudishwa nyumbani siku hiyohiyo. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Sawa, lakini wahenga hawakuwahi kusimama zamu kwenye chumba cha kufulia. Mama Saa aliamua kutunza siri, na moyo angeushughulikia baadaye.

Jumanne ile kinanda kilikuja upesi. Hilo alilihisi. Ila alidhani amesinzia kwa kusimama, jambo ambalo lilishamtokea mara mbili mwezi ule, akaona aibu kujiuliza zaidi, akaita. Wenzake walifurahi kazi imekwisha mapema na hakuna aliyeuliza. Tangu Jumatano Msimamizi mwenyewe alisimama na saa mkononi, na Mama Saa akapata siku mbili nzima za kuogopa.

Kibanda cha fundi kilibanwa kati ya duka la madaftari na mshona viatu. Fundi alikuwa kijana wa makamo mwenye kioo cha kukuzia kwenye paji la uso, mwenye tabia ya kuzungumza na vifaa kuliko wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na hiki. Nyimbo. Nadhani zinaruka. Au haziruki. Nataka uniambie haziruki."

Fundi akacheka. "Mama, mgonjwa haji hospitali na majibu yake mkononi."

Akakiwasha, akafungua programu ya muziki, na wimbo wa kwanza ukalia kwa sauti safi. Akabonyeza wa pili, wa tatu. "Mbona kinaimba vizuri tu?"

Mama Saa akanyoosha mkono kukichukua. "Basi ni kizima?"

"Subiri kidogo. Hata mwenye homa huimba. Hebu nionyeshe panaporuka." Akamnyooshea.

Alikipokea, akakisogeza karibu na pua, akaona mwanga tu. "Miwani nimeiacha kazini," alisema. Uongo huo ulikuwa umeshazoea mdomo wake. "Wewe nisomee. Nenda wa kumi na mbili, yule mwanamke mwenye sauti nzito. Dakika tano kamili. Baada yake kuna wa magitaa, halafu vijana wawili wanaopokezana, halafu wa harusi, halafu ule mrefu wa huzuni. Kisha kinanda."

"Yaani umezihifadhi zote?"

"We piga tu."

Wakasikiliza pamoja yule mwanamke mwenye sauti nzito, dakika zake tano zote, mshona viatu wa jirani akimsindikiza kwa nyundo. Akamaliza. Kikapita kimya kifupi kama cha kumeza mate, na kinanda kikaanza.

"Enhe," alisema Fundi.

Alifunga programu, akaifungua upya. Kinanda. Alikizima kigemu chote, akakiwasha, akaiamuru programu iikague orodha upya tangu mwanzo. Kinanda. Akachomoa memori kadi, akaifuta meno kwa kitambaa, akairudisha, akaitoa tena, akaichomeka kwenye kompyuta yake na kuinama. Mama Saa alisimama akitazama kivuli cha mgongo wake. Hakuwa amewahi kuuchukia mgongo wa mtu asiyemjua kiasi kile.

"Majina yapo," Fundi alisema hatimaye. "Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Ila ndani hamna kitu. Ni maganda. Memori imeanza kufa, mama. Na hizi programu zina adabu mbaya, ikikuta faili bovu haisemi neno. Inaruka kimyakimya na kuendelea mbele kana kwamba haikuona kitu."

Mama Saa alimjua mtu mwingine mwenye tabia hiyo.

"Tangu lini?"

"Hilo ni gumu kujua." Kisha akajikuna. "Lakini ngoja. Hii huandika kila wimbo umepigwa lini mara ya mwisho. Nyingine zote inasema leo. Hizi nne... Jumatatu."

"Jumanne je?"

"Jumanne hazikupigwa. Ziliishia Jumatatu."

"Jumla zina dakika ngapi?"

Alikuwa anaijua jumla. Alitaka tu isemwe na mtu mwingine.

"Kumi na saba na ushee," alisema Fundi. "Lakini usihofu, mama, hizi zinapatikana. Niachie, nitakuwekea memori nyingine, nizitafute moja moja na kuzipanga vilevile. Saa kumi ukipita utakikuta tayari. Ni nyimbo tu."

"Nirudishie, mwanangu," alisema. "Saa kumi ni mbali."

Njiani alirudi polepole, kwa sababu ya miguu na kwa sababu nyingine. Ukweli ni kwamba alishawishika, na nitakuwa mnafiki nikisema vinginevyo. Fundi hajui yeye anafanya kazi wapi. Ile kadi ni ndogo kuliko ukucha, ukiidondosha mtaroni hakuna wa kuiokota. Miezi minane si mingi. Chapuchapu ni kijana, ana miguu mizima na macho mazima, atapata kazi kwingine, vijana hupata. Alijiambia hivyo mpaka kwenye geti, na kila alipojiambia alijiona mwepesi kwa hatua mbili na mzito kwa hatua kumi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wasemavyo, lakini huu haukuwa wa mwenzake tena. Ulikuwa wake, na mwenzake ndiye aliyeubeba tangu Jumatano.

Chapuchapu alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mikono katikati ya magoti. Mama Saa alimtambua kwa rangi ya kitambaa chake cha kichwani. Mlango ulikuwa wazi. Akaingia bila kubisha.

"Msimamizi, mashuka ya Jumanne ni mimi."

Msimamizi aliweka kalamu chini, akahema. "Mama Saa, najua una huruma. Lakini usimbebe kila mtu. Sahihi ni yake."

"Sahihi ni yake, sauti ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia afungue." Akakitoa kigemu, akakiweka mezani, akaeleza. Alieleza nyimbo kumi na moja na nyimbo tano, mwanamke mwenye sauti nzito, maganda manne, Jumatatu na Jumanne. Aliona aibu jinsi ilivyosikika, mambo ya kitoto kwenye kinywa cha mtu mzima.

Msimamizi alisikiliza hadi mwisho. Alionekana kutafuta mahali pa kuanzia. "Lakini kwa nini? Saa si ile pale, kubwa kama sinia?"

"Siioni."

"Mvuke?"

"Hata bila mvuke. Mwaka wa pili huu. Hata wewe hapo nakujua kwa sauti tu."

Kwa mara ya kwanza neno hilo lilikuwa limetoka mdomoni mwake, na halikumletea nafuu aliyoitarajia. Lilimchosha zaidi. Msimamizi akasema kwa upole kwamba atalazimika kuandika. Mama Saa akamwambia aandike. Msimamizi akasema Jumatatu asije kufua, aende kwanza kliniki ya macho, halafu ofisi kuu itaamua. Wote wawili walijua ofisi kuu huamua nini. Akachukua ile barua iliyokuwa imeshapigwa chapa, yenye jina la Chapuchapu, akaikunja mara nne na kuitia kwenye droo.

Mama Saa akatoka. Mlango ulikuwa wazi muda wote, na Chapuchapu alikuwa amesimama, kwa hiyo alikuwa amesikia. Mama Saa alitegemea shukrani kidogo. Binadamu ni binadamu.

"Nilijua ni wewe uliyeita," alisema Chapuchapu.

"Najua, mwanangu."

"Mwanzoni nilijua. Halafu uliponyamaza nikaanza kujiambia hukuita. Nikasema labda nilisikia vibaya, kwa haraka yangu. Si wote wanasema nina haraka?" Sauti yake ilikuwa ya chini, bila ukali wowote. "Jana nimesuuza nguo za mwanangu mara sita. Mara sita, mama, na bado nikawa siiamini mikono yangu."

Mama Saa alikuwa ameandaa maneno kuhusu macho, kuhusu miezi minane, kuhusu hofu. Aliyatafuta, akaona hakuna hata moja linalofaa kusemwa mbele ya mikono ile.

"Nilisimama hatua tatu kutoka ulipokuwa," alisema, "nikakuacha."

"Ndiyo," alisema Chapuchapu. "Uliniacha."

Akafunga vizuri kitambaa chake, akaingia ndani kumalizia zamu, maana mashine ilikuwa imejaa na wenzake walikuwa wanamwita. Mama Saa akakaa kwenye benchi, mahali palepale palipokuwa bado na joto la yule binti. Tangu alfajiri hakuwa amekaa chini, na sasa alipokaa hakupumzika.