Ramani ya Kihamba Kwenye Kioo Cheusi

Wazee wa ukoo walikuwa wakae Jumamosi saa nne asubuhi kuamua mpaka. Jumatatu ya wiki hiyo kompyuta yangu ya zamani, Mac ya mnara, iliwaka kwa mlio wake wa kawaida lakini kioo kikabaki cheusi. Ndani yake kulikuwa na ramani pekee ya kihamba cha mama, shamba la ukoo la kahawa na migomba.

Niliichora baba akiwa hai. Tulipima siku tatu, yeye akinionyesha kila sale, mmea wa kuonyesha mpaka, mimi nikiandika. Nilipohakikisha kila namba imeingia kwenye mashine, daftari nikalichoma, maana sikutaka vipimo vikae sehemu mbili vikaja kupingana. Nakala niliyomchapia baba ililiwa na mchwa. Sasa baba mdogo alikuwa ameng'oa masale ya upande wa chini na kupanda migomba hatua kumi na mbili ndani ya kahawa ya mama. Alisema ndivyo marehemu kaka yake alivyomwachia.

Diski niliichomoa nikaisoma kwenye laptop. Faili lilikuwepo, ila programu ya kulifungua ni ya kizazi kile, na haikubali kuwaka nje ya mashine ile.

Kilichokufa ni kadi ya picha, ile inayolisha kioo. Kadi za Mac ya namna hiyo Arusha hazipatikani tena. Za PC zipo, na umbo ni lile lile. Tofauti iko kwenye chipu ndogo yenye maelekezo ya kuiamsha kadi. Ukifuta maelekezo ya PC ukaandika ya Mac, kadi inaweza kukubali.

Jumanne nilikwenda Levolosi kwa fundi mmoja anayeuza vipuri vilivyotumika.

"Shikamoo mzee. Hiyo kadi unaifanyia nini? Hata makumbusho wameshahama huko."

"Marahaba. Unayo au huna?"

"Ninayo, nimeuwekea mlango usijifunge. Chukua, mzee, lakini unajitesa."

Jumatano niliichomeka kwenye PC yangu, pembeni yake nikaweka kadi nyingine ya kuendesha kioo, kwa sababu kadi inayoandikwa upya haiwezi kuonyesha chochote. Maelekezo ya Mac yalikuwa makubwa mara mbili ya nafasi ya chipu. Alhamisi yote nilitafuta toleo lililopunguzwa. Mama alipiga simu mara tatu.

"Baba, imeonyesha?"

"Bado, mama."

"Baba yako mdogo anapita hapa anaimba."

Ijumaa asubuhi chipu ilikubali. Ilibaki kuziba miguu miwili ya shaba chini ya kadi, wa tatu na wa kumi na moja, ambayo kwenye mashine hiyo hupeleka umeme usiotakiwa. Nilikata selotepu nyembamba kama uzi, nikaibandika kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Saa sita kasoro nikaichomeka kwenye Mac, nikawasha. Mlio. Kisha kioo kikawa cha kijivu, kisha picha ikatokea yote, na kwenye kona nikaliona faili, jina lake likiwa "kihamba".

Niliona kadi imekaa upande, haijafungwa skrubu. Mimi sifanyi kazi kwenye mashine isiyofungwa. Ni kanuni niliyojiwekea na haijawahi kunidhuru. Nikaizima vizuri, nikaikandamiza kadi, nikakaza skrubu, nikarudisha kifuniko.

Niliwasha. Mlio, na weusi.

Nilipoichomoa, selotepu moja haikuwepo. Ilikuwa imebaki ndani ya tundu la kadi, la pekee kwenye mashine hiyo, na pembeni yake kijishaba kimoja kimejikunja. Nilijaribu kukinyoosha kwa sindano. Kikakatika.

Nilijaribu mpaka jua likatua, ingawa nilijua tangu saa saba kuwa tundu limekufa. Kisha nikampigia mama. Nikamweleza yote.

"Uliiona?"

"Niliona jina lake."

"Si ungeifungua kwanza, baba, halafu ndiyo ukafunga hizo skrubu?"

Nikamwambia nitafika asubuhi.

Jumamosi tulisimama kwenye kahawa. Baba mdogo aliniambia mbele ya wote, "Haya msomi, tuonyeshe hiyo ramani ya kompyuta." Nikasema sina. Mzee mmoja aliuliza kama nazikumbuka namba. Ningeweza kutaja namba yoyote na wangeniamini, kwa jinsi wanavyonijua. Nikasema sizikumbuki. Mama alikuwa ananitazama.

Masale mapya yakapandwa pale alipoonyesha baba mdogo. Lilipochomekwa la mwisho, mgomba mmoja wa mama, wenye mkungu uliokomaa, ulikuwa ng'ambo ya pili.

"Huu naukata leo," mama akauliza, "au ni wako?"

"Kata, shemeji. Wa leo kata."

Mama akaomba panga. Niliushika mkungu usianguke, naye akakata.