Sindano Zilizokutwa Kwenye Mchele wa Msiba

Habari ilinikuta Mkula, nimesimama barabarani nachagua ndizi: yule mama mdarizi wa Viwanja Sitini amefariki. Wengi wenu hamkumjua kwa sura, ila kama mmewahi kusali parokiani kwetu siku ya sikukuu, mmeiona kazi yake. Ni vile vitambaa vya altare vyenye misalaba midogo midogo ya uzi, na katikati ya misalaba shanga ndogo kama punje za ulezi. Nilikaa naye misimu miwili nikijifunza. Sikuwa mwanafunzi mzuri, shule yangu iliishia darasa la saba, na sijui kama mimi ndiye wa kumwandika. Nimesubiri mwenye haki zaidi aandike, hajatokea, na kuna jambo ambalo nisipolisema litabaki kama lilivyosemwa na wengine.

Niseme kweli, hakuwa mtu rahisi. Ukimwamkia shikamoo, kabla hajaitikia ameshakuangalia mikono. Ukilamba uzi ili upite tunduni, alikunyang'anya. "Mate yanaleta kutu," alisema, "na ya kwako nayajua." Siku ya kwanza nilichukua sindano ya nguo niliyotoka nayo nyumbani, nikaisukuma kwenye shanga, shanga ikapasuka na kipande chake kikaukata uzi. "Umechagua sindano kwa mkono wako," akasema. "Shanga ndiyo inayochagua." Kwa misalaba alitumia sindano fupi butu, maana kitambaa chenyewe kina vitundu, hakihitaji kutobolewa. Kwa shanga alikuwa na sindano nyembamba kama unywele. Kabla ya kutia uzi aliivisha sindano shanga; ikiteleza mpaka kuvuka tundu bila kusukumwa, hiyo ndiyo. Sindano hizo alipewa na sista mmoja zamani, na hapa Ifakara sijaziona. Niliwahi kumuuliza muuza vifaa vya ushonaji sokoni, akanijibu, "Mama, sindano ni sindano." Sikumlaumu, yeye anauza kinachonunuliwa.

Mnaijua masika ya bonde letu, hata chumvi inalia machozi. Nyuzi zake alizizungushia vipande vya boksi, kila rangi na kipande chake, akavitia ndani ya foronya na kuitundika mbali na ukuta. Mfuko wa plastiki aliukataa kabisa, alisema unatoa jasho na uzi unaota ukungu. Sindano nazo alizilaza ndani ya kopo la mchele aliouanika juani ukakauka, ili mchele unywe unyevu badala ya sindano. Nilipoona mara ya kwanza nilicheka. "Mama, siku mtu akiupika?" Akafunika kopo. "Naishi peke yangu. Nani atapika mchele wangu bila kuniuliza?"

Nilifika msibani siku ya pili. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamefika tangu alfajiri, wamechota maji, wamewasha mafiga, na wamefanya yote ambayo mimi sikuwepo kuyafanya. Mchele ulipopungua, mmoja aliingia chumbani akakuta kopo, akaumimina kwenye ungo pamoja na mchele mwingine. Hapo hakuna kosa. Kwetu, mchele wa nyumba ya marehemu kuupika msibani ni kumpa nafasi ya kuwalisha wageni wake. Walipokuwa wanachagua mawe, mama mmoja akachomwa kidole. Ikatoka sindano. Ikatoka ya pili. Walipofika ya saba mikono yote ilikuwa imeondoka kwenye ungo. "Hii siyo ya kawaida," akasema mmoja. Mwingine akaongeza, "Na alikuwa anajifungia." Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini siku ile vyote viwili vilijikwaa kwa pamoja. Mchele na sindano vikamwagwa chooni. Nilipoingia uani, waombolezaji wengine walikuwa wameacha kula, na binti wa marehemu, aliyesafiri kutoka Mlimba kuja kumzika mama yake, alikuwa amekaa kwenye mkeka peke yake. Watu wanampa pole kutoka mbali.

Nikaeleza. Labda nilieleza kwa hasira, ndiyo maana haikuingia. "Ni sindano za shanga," nikasema. "Alizihifadhi zisishike kutu."

"Ndani ya mchele?" akauliza kiongozi wa jumuiya. "Dada, wote hapa tunashona. Sindano tunachoma kwenye pazia."

Wakacheka, hata mimi nusura nicheke. Nikamwomba binti alete kitambaa ambacho mama yake hakukimaliza. Sindano moja ilikuwa bado imechomwa humo na uzi wake. Nikampa kiongozi shanga moja, nikamwambia atumie moja ya zile sindano za kuchomwa kwenye pazia. Akasukuma, ikapasuka. Nikachomoa ile ya kwenye kitambaa, nikampa na shanga nyingine. Ikateleza yenyewe mpaka kwenye uzi. "Basi tulifanya haraka," kiongozi akasema, kisha akainuka, akawaambia wenzake waziwazi, akaenda kukaa na binti pale kwenye mkeka. Namheshimu kwa hilo. Lakini maneno yalikuwa yameshavuka barabara.

Wiki iliyopita sokoni, muuza nyanya aliniuliza kama nilikuwa jirani wa yule marehemu wa sindano. Nikaeleza yote upya. "Aa, kumbe," akaitikia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua. Miaka yote ya kupamba altare, na jina lililobaki mtaani ni hilo. Nimewakasirikia wale kina mama, kisha nikaona wana haki yao: ukichomwa na sindano ndani ya chakula, utawaza nini? Nimemkasirikia marehemu, maana kipande kimoja cha karatasi juu ya kopo kingetosha. Halafu hasira imenigeukia mimi mwenyewe. Mimi nililijua kopo lile. Naweza kuandika mpaka nikajaza safu hii, na katika misimu miwili sikumwambia mtu hata mmoja, kwa sababu ilinipendeza kuwa mimi peke yangu ninayejua. Hilo ndilo linalonichoma.

Ndugu zangu, tunakufa na utaratibu wetu kichwani, halafu wanaobaki wanautafsiri kwa hofu. Kama una namna yako ya kuhifadhi kitu, mwonyeshe mtu ukiwa bado una mdomo. Kama ulionyeshwa, usikae nayo kama mali. Na ukikuta usichokielewa ndani ya nyumba ya marehemu, uliza kabla hujajijibu.